Ngozi ya Ndama

Sipendi sauti ya ng'ombe jioni. Huku Butembo wananicheka: wewe mutu muzima, unaogopa ng'ombe? Wacheke. Hawakuishi nyumbani kwetu wakati ule, baada ya dada yangu kuuawa shambani upande wa Beni.

Papa alikuwa na ng'ombe mmoja tu, wa Ankole, mwekundu, mwenye pembe ndefu kupita mikono yangu. Alimnunua kwa wachungaji wa Luofu, alikofanya kazi ujanani. Majirani walimsumbua: "Siye ni batu ya maharagi na ndizi, wee unatuletea pembe!" Papa hakukosa jibu. Alisema asili ya ng'ombe hawa ni Uganda, walikuja kwa miguu, wakila majani makavu njiani. "Ile ya Bazungu inatoa ndoo muzima, ila kupe kidogo tu inaiua. Hii inatoa kidogo, lakini hapana kufa ovyo." Siku moja alinishikisha pembe. Ilikuwa na joto, kumbe damu inapita ndani. Nilitoa mkono haraka.

Kasoro yake ni moja: haachii maziwa bila ndama wake. Umbembeleze, umtukane, wapi! Lazima ndama aanze kunyonya, mama amlambe, ndipo maziwa yanashuka.

Dada alipokufa, tuliletewa mtoto wake mchanga, amefungwa katika kitenge cha mama yake, kile cha kijani. Maziwa ya boîte, yale ya kopo, aliyatapika yote. Alikonda mpaka ngozi ya tumbo ikakunjamana, na mama akasema wazi: "Na huyu anaenda." Papa akajaribu maziwa ya ng'ombe wake, yaliyochemshwa na kutiwa maji. Mtoto akayanywa bila kutapika. Tukaanza kupumua kidogo. Halafu ndama wa ng'ombe yule akaugua, akafa.

Eh, Yesu wangu! Nilimlilia yule ndama kuliko nilivyomlilia dada, na mpaka leo sijui kwa nini.

Papa akafanya alivyojifunza Luofu. Alimchuna ndama, akakausha ngozi, akaijaza majani, akaipaka chumvi, akaisimamisha mbele ya mama yake. Ng'ombe akainusa, akalamba, akaachia maziwa. Mimi ndiye niliyeishikilia isianguke, na pale pa macho palikuwa na matundu tu. Ndani ya nyumba mama alimlisha mtoto akiwa amejifunga kitenge kile cha kijani. Hakukifua, maana bila harufu ile mtoto alikataa kikombe. Basi nyumba yetu yote iliishi kwa kudanganya. Kila jioni ng'ombe alilia akitazama njia, na mtoto akamwitikia huko ndani kwa kilio chake. Nilitamani kukimbia nisirudi.

Mvua zikaja, ngozi ikaanza kuoza. Asubuhi moja ng'ombe aliinusa, akageuza kichwa. Papa akapaka chumvi nyingine. Wapi. Akarudi nyuma, akasema polepole: "Amejua."

Ndoo ilikuwa kavu, mtoto analia kwa njaa. Mama akatoka naye kwa hasira, kitenge na mtoto, akaenda kusimama mbele ya pembe zile.

"Angalia!" alimfokea ng'ombe, vile angemfokea jirani aliyemkosea. "Mutoto wako alikufa. Wangu alikufa. Amebaki huyu tu. Sasa unataka tufanye nini?"

Papa alitaka kumvuta, akiogopa pembe. Ng'ombe akashusha kichwa. Alinusa kitenge kwa muda mrefu, akanusa nywele za mtoto zilizolowa jasho, akaanza kuzilamba. Papa akachuchumaa kukamua. Nikasikia maziwa yakigonga ndoo.

Ngozi tuliizika siku ileile. Tangu hapo, kila wakati wa kukamua, mama alimpeleka mtoto alambwe, na mtoto akaongezeka mwili.

Sasa anasoma shule. Uso ni wa dada yangu mtupu, hata akicheka naangalia pembeni. Ng'ombe wetu alishakufa kwa uzee, na hakuna aliyemsimulia mtoto mambo ya ngozi ile. Mama amekataza. Lakini jioni, ng'ombe yeyote akilia kule mlimani, anaacha anachofanya na kuinua kichwa. Juzi tulikuwa tunamenya ndizi, ikatokea tena. Nikamuuliza anasikiliza nini.

"Mama ananiita," alisema, akachukua ndizi nyingine.