Kufukuza Ng'ombe Kabla ya Kutua

Miaka ile ya tisini, serikali ilipowaruhusu watu binafsi kumiliki mashirika ya ndege, Mwanza ilijaa marubani wenye mashati meupe na miwani ya jua. Nami nilikuwa mmoja wao, ingawa miwani yangu ilishikiliwa na waya. Nilirusha ndege ya abiria watano ya kampuni moja ndogo. Tulibeba wanunuzi wa dhahabu, mafundi wa viwanda vya minofu ya sangara, wagonjwa, na siku nyingine maiti. Kazi ile niliipenda mno. Lakini kila rubani pale alikuwa na jicho moja Dar es Salaam, kwenye shirika kubwa lenye ndege za jeti, na kila aliyefikisha saa za kutosha angani aliondoka bila hata kuaga vizuri.

Saa zangu zilikuwa zimetimia zamani. Kilichonikimbiza ni umri, maana shirika lilitaka vijana na mimi mvi nilishaanza kuziona. Nikikosa safari hii, basi tena. Mke wangu ndiye aliyenisukuma.

"Unasubiri nini, baba?" alikuwa akisema. "Waliokukuta hapa wote wamekwenda. Wewe utabaki kusalimiana na ng'ombe."

Kuhusu ng'ombe alikuwa na haki. Viwanja vyetu vingi huko pembezoni mwa ziwa havikuwa na uzio. Majani yake yalikuwa mazuri, na wachungaji walilijua hilo kuliko sisi. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu: hutui moja kwa moja. Unashuka kama unayetua, unapita chinichini juu ya uwanja kwa kishindo, ng'ombe wanatawanyika, unazunguka, ndipo unatua. Desturi hiyo tuliiita kupiga hodi. Mwenye haraka zake aliyetua bila hodi angeweza kumkuta fahali katikati ya njia, na hapo ukishamalizana na ndege iliyovunjika bado kuna mwenye fahali.

Shirika kubwa likaniita Dar kwa majaribio. Kabla ya kumpeleka mtu kusomea jeti walimpima kwanza kwenye ndege ndogo ya injini mbili, katika uwanja ule ule mkubwa zinakotua jeti. Mpimaji wangu alikuwa kapteni mzee, mwembamba, asiyependa maneno.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Panda."

Nilirusha vizuri, nasema bila kujivunga. Alizima injini moja ghafla, nikaituliza ndege. Alifunika baadhi ya vipimo mbele yangu kwa karatasi, nikaendelea bila wasiwasi. Nikageuka kuelekea uwanjani, magurudumu chini, mnara wa kuongozea ndege umeniruhusu kutua, lami ndefu nyeusi imenyooka mbele yangu. Moyo ukatulia, nikajiona nimeshaajiriwa. Hapo ndipo mikono ilipofanya ilichozoea. Badala ya kutua nikaongeza moto, nikapita chinichini juu ya lami ile ya kimataifa, kwa kishindo kamili, mbele ya jengo la abiria.

Mnara ukauliza kuna tatizo gani. Kapteni akanigeukia.

"Unafanya nini?"

"Nafukuza ng'ombe, Kapteni."

Aliitazama lami yote, mwanzo hadi mwisho, kama anayewatafuta.

"Umewaona?"

"Hapana, Kapteni."

"Basi zunguka, utue."

Nikatua. Nilitamani ardhi inimeze. Nilijikasirikia mwenyewe, nikawakasirikia wachungaji wote wa Usukuma, nikamkasirikia hata mke wangu aliyenituma kuja kujiaibisha mjini. Injini zilipozimika nikaanza kufungua mkanda niondoke kabla ya kufukuzwa. Kapteni akanishika mkono.

"Wenzako wawili wa leo asubuhi," alisema, "wamekuja juu mno, kasi mno. Wanajua kabisa wamekosea. Lakini kwa kuwa nimekaa hapa, wakaona aibu kuacha kutua na kuzunguka. Wakalazimisha. Mmoja kidogo tuishie majanini. Wewe umezunguka bila sababu yoyote, mbele yangu, mbele ya mnara, wala hukuona aibu."

"Nimeona aibu sana, Kapteni."

"Baada ya kuzunguka. Aibu ya baada haiui mtu."

Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akatoa leso. Aliniambia nimepita, ila nitaanza kama rubani msaidizi, wakati mwingine chini ya makapteni niliowazidi umri, na ng'ombe niwaachie watu wa Mwanza.

Nilirudi nyumbani Mkolani nimejaa furaha, nikamsimulia mke wangu jikoni. Alicheka hadi akaweka mwiko chini. Halafu akauliza:

"Hiyo jeti itapita juu ya nyumba?"

Nikitoka machimboni upande wa kusini, nilikuwa narefusha njia kidogo ili nipite juu ya Mkolani. Yeye akisikia injini yangu anabandika maji ya ugali. Nikamwambia jeti haipiti juu ya nyumba ya mtu, ina njia yake.

"Basi nitakaa kama mama," alisema.

Baba yake alikuwa dereva wa malori, na mama yake alizeeka akisikiliza barabara. Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo, na liliniuma.

Tulihamia Dar pamoja. Nyumba aliitafuta yeye. Akachagua Kipawa, chini kabisa ya njia ya ndege zinazotua, mahali ambapo mpangaji aliyetutangulia alikuwa amehama kwa sababu ya kelele. Ikipita moja, mabati yote yalitetemeka na vikombe vikagongana kabatini. Siku ya kwanza nilisimama uani nikiziba masikio, nikamuuliza: hapa zinapita ndege za dunia nzima, mama, utajuaje yangu ni ipi?

"Sitajua," alisema. "Kila itakayoshuka salama, nitafanya ni yako."