Mzee Njia na Bwawa Lake

Mtu akikuambia wivu ni wa vijana, mpeleke kwa Mzee Njia. Kwa miaka ishirini na mbili alitunza njia za msitu wa hifadhi: kufyeka, kuchonga ngazi za udongo, kuzibua mifereji ili mvua isile njia. Njia zilikuwa nyingi, lakini aliyoipenda ni moja, ile inayoshuka hadi kwenye bwawa chini ya maporomoko. Mkewe alikuwa akimfungia chakula cha mchana na kumwagiza, "Nisalimie mke mwenzangu." Mzee alicheka tu, wala hakukanusha.

Kisha picha ya bwawa ikaingia kwenye simu za watu, na watu wakaifuata picha. Walikuja na spika, na sabuni za nywele zilizotapakaza povu mpaka kwenye majani ya kangaga ukingoni. Wakachonga majina yao kwenye magome ya miti. Mzee aliokota chupa huku roho inamuuma. Tusidanganyane, si uchafu tu uliomchoma. Kilichomchoma zaidi ni kuwaona wakilifurahia bwawa kana kwamba wamekua nalo.

Jumamosi moja binti mmoja akamwambia kwa adabu zote, "Samahani, babu, sogea kidogo. Unaharibu picha."

Asiyekujua hakuthamini. Mzee akasogea. Jioni, walipokwisha kuondoka, akakata matawi ya miiba, akaziba njia kwenye kona ya mwisho, kisha akaenda zake nyumbani akipiga mluzi. Jumapili alishinda amejinyoosha kitini, roho kwatu.

Wahenga walisema hasira hasara, wivu waliusahau. Mtu wa kazi ile anajua kwamba njia haizibwi kabla hujafungua nyingine, kwa sababu mguu uliokwisha kufika hapo haurudi, unatafuta pa kupita. Mzee alijua, akasahau. Jumatatu aliposhuka na msimamizi wake, mwanamke wa rika la binti yake, walikuta njia mpya tisa zimeteremka ovyo ukingoni. Kangaga zimelala, mizizi iko nje. Udongo ulikuwa umeporomoka bwawani na maji yamekuwa kama chai ya maziwa.

"Miiba hii kaweka nani?" msimamizi akauliza.

Angeweza kuwasingizia wageni. "Mimi."

"Wewe, mzee wangu? Wewe uliyenifundisha kazi?"

"Niliona wivu," akasema, machozi yakimlenga.

Msimamizi akaupima ukingo kwa hatua. "Tunafunga," akasema mwishowe. "Wataletwa vibarua kupanda miti ya kushika udongo. Wakimaliza, miaka mitatu haingii mtu."

Pamoja na aibu yote ile, moyo wa mzee uliruka kwa furaha. Miaka mitatu, yeye na maji yake, bila spika wala povu!

"Sawa kabisa," akasema. "Nitalilinda mwenyewe kila siku."

"Hujanielewa, mzee wangu." Msimamizi alinyoosha mkono apewe ufunguo wa geti la hifadhi. "Na wewe ni mtu."