Mweri na treni za meza: Swichi iliyounguza vidole vya mtoto Bamburi

Saa mbili asubuhi, Mweri Gona ameinama juu ya meza ndefu katika ukumbi wa michezo ya watoto huko Bamburi. Anafuta reli nyembamba kama njiti za kiberiti kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti. Kitambaa kikitoka kimeshika weusi, anarudia.

"Hewa yetu ina chumvi," anasema bila kuinua kichwa. "Reli ikichafuka, stima haipiti, treni inasimama na mtoto analia. Kwa hivyo kwanza usafi."

Leo hakuna mtoto. Mlango umefungwa. Mweri anamsubiri mtu mmoja tu, Bi Samiha, mama wa msichana aliyeungua vidole kwenye meza hii sikukuu ya Idi iliyopita.

Mwenye ukumbi, Bwana Awadh, ameshasema. Mama wa mtoto akiridhika, meza itafunguliwa Jumamosi. Asiporidhika, itauzwa, na Mweri atafute kazi kwingine.

Mweri ana miaka 34 na anaishi Changamwe na watoto wake wawili. Hapa aliingia kupiga deki. Treni hizi Bwana Awadh alizinunua kwa mgeni aliyekuwa akihama Pwani, na aliyeziendesha alikuwa Kefa, fundi mzee kutoka bara.

"Mzee Kefa hakutaka mtu aguse," Mweri anacheka. "Lakini macho yake yalikuwa yamechoka. Siku moja akaniambia, 'Mama, naona vumbi unalijua. Njoo ufute na reli.' Ndio nikaanza hivyo."

Kefa aliporudi kwao miaka minne iliyopita, kazi ikabaki mikononi mwa Mweri. Analipwa shilingi 800 kwa siku.

Meza ina njia mbili za reli zinazozunguka, na zimeunganishwa katikati. Njia ya nyuma ilikuwa ya vichwa vya treni vya zamani, vya analogi. Ukizungusha kitufe, stima inaongezeka kwenye reli na treni inakwenda kasi. Ukiweka treni mbili, zote zinakwenda pamoja, upende usipende.

Njia ya mbele ilikuwa ya dijitali. Hapo reli ina stima wakati wote, na kila kichwa kina chipu ndani yenye namba yake.

"Ile ya zamani ni kama bomba la maji," Mweri anaeleza. "Ukifungua, kila mwenye ndoo anapata. Hii mpya ni kama kupiga simu. Unaita namba tatu, namba tatu peke yake ndiyo inaitika."

Watoto walipenda zaidi treni inapovuka kutoka mbele kwenda nyuma. Ili ivuke salama, Mweri aliondoa kwanza vichwa vya zamani, akashusha swichi kubwa iliyokuwa pembeni mwa meza, na reli zote zikawa za dijitali. Akimaliza anaipandisha, na njia ya nyuma inarudi analogi. Swichi hiyo haikuwa na mahali pa kuzima.

Siku ya Idi watoto walijaa, nguo mpya, mikono inanata kwa peremende. Treni namba tatu ilikuwa katikati ya kuvuka, magurudumu ya mbele huku na ya nyuma kule, stima ikapotea.

Sasa jamani, stima ikipotea nyumbani sote tunafanya nini? Tunapandisha swichi zote kuzima, ya friji, ya televisheni, stima isije ikarudi kwa nguvu ikaunguza vitu. Mweri naye alifanya hivyohivyo. Alizima soketi mbili ukutani, moja ya mtambo wa analogi na moja ya mtambo wa dijitali, na mkono ukaenda wenyewe hadi kwenye ile swichi kubwa, akaipandisha pia.

"Akilini mwangu nilikuwa nimezima," anasema. "Kumbe nimetenganisha njia, na treni imesimama juu ya mpaka."

Stima iliporudi, watoto walipiga kelele, "Imerudi! Washa, Auntie, washa!" Akawasha soketi zote mbili. Stima mbili zisizopatana zikakutana chini ya treni moja. Moshi ukatoka. Salsabil, binti wa miaka sita wa Bi Samiha, akaona treni yake inaungua. Akainyakua aiokoe.

Vidole viwili viliungua. Hakufanya utundu. Alikuwa na huruma tu, na mtoto mwenye huruma hafikirii moto. Wazazi tunaonunua treni za umeme tulizingatie hilo. Transfoma mbili, yaani mitambo ya kuleta stima, zisiunganishwe kwenye reli moja hata kwa dakika moja. Kichwa cha zamani kisicho na chipu nacho kisiachwe kwenye reli ya dijitali. Kinasimama kinanguruma, nawe unadhani kimegoma tu, kumbe kinapata moto ndani.

Saa tatu Bi Samiha anaingia na Bwana Awadh. Anakataa kiti.

"Karibu, dada. Angalau chai," Mweri anasema.

"Sikuja kunywa chai. Wewe una watoto?"

"Ninao wawili."

"Ungewaacha waguse vitu hivi?"

"Siku ile ningewaacha. Ndiyo maana nasema nilikosa."

Bi Samiha anasogea mezani. "Haya. Nionyeshe."

Mweri anaonyesha. Swichi kubwa ameing'oa. Nyaya zote za reli amezikusanya kwenye plagi moja. Ikichomekwa kwenye mtambo wa dijitali, analogi haina njia ya kufika relini. Ikihamishwa, dijitali inabaki nje. Vichwa vya zamani vimepangwa rafuni hadi zamu yao ifike. Kamba imefungwa kuzunguka meza.

"Mimi nalimwambia watoto wanataka kuziona zote pamoja," Bwana Awadh anaingilia. "Hiyo ndiyo raha yenyewe!"

"Wataziona kwa zamu, Bwana."

"Kwa zamu, kwa zamu! Hapa ni michezo au ni hospitali?"

"Ami Awadh, hospitali mimi nimekwenda," Bi Samiha anamkata. "Hebu iendeshe, dada. Ifike palepale."

Namba tatu, sasa ikiwa na chipu mpya, inaanza kuvuka. Ikifika katikati, Bi Samiha mwenyewe anazima swichi kuu mlangoni.

"Sasa fanya kama ulivyofanya siku ile. Usifanye vizuri. Fanya vilevile."

Mweri anasita, kisha anazima soketi zote mbili; swichi ya kupandisha haipo tena. Bi Samiha anarudisha stima. "Washa, Auntie, washa!" anaiga sauti za watoto, lakini hacheki. Mweri anawasha zote mbili.

Hakuna moshi. Bi Samiha anainamia kamba na kuweka kiganja chake juu ya treni. Anakiacha hapo muda mrefu, mpaka Bwana Awadh anakohoa.

"Baridi," anasema. Kisha anamgeukia mwenye ukumbi. "Fungua Jumamosi, ami. Lakini stima ikipotea, watoto watoke nje kwanza. Treni baadaye."

"Wallahi, hilo limekubaliwa."

Mweri anakaa chini kwenye kile kiti kilichokataliwa. Anapangusa uso kwa kitambaa kilekile cha spiriti, anakunja pua.

Anapanga kumfundisha kazi hii Winfred, msichana anayekata tiketi, ili siku asipokuwepo asitokee mtu wa kubahatisha. Na amemuuliza Bi Samiha kama Salsabil atakuja Jumamosi.

"Nitamuuliza mwenyewe," Bi Samiha alijibu akiwa mlangoni. "Sitamlazimisha kuja, wala sitamkataza."

"Hilo linanitosha," Mweri anasema. "Akija, nitampa rimoti aiite namba anayoitaka. Akiogopa, nitaenda kwao kumjulia hali. Vidole ni vyake, yeye ndiye wa kuamua."