Choroko zilizomfanya mama mkwe anisifu

Jamani Newala, mkono wangu una baraka!

Choroko nilizootesha jikoni kwenye ndoo zimechipua nyeupeee, ndefu kama kidole.

Leo mchana mama mkwe kafika kutoka Mkunya. Huyu mama, tangu nimuoe binti yake, hajawahi kunisifu hata kwa bahati mbaya.

Nikamkaangia choroko na kitunguu. Kala. Kaongeza!

"Baba Neema, umeziotesha mwenyewe?"

"Kwa mikono hii, mama." (Nimekaa Dar mimi, mambo haya nayajua.)

Mara jirani yetu Mama Sharifa huyo mlangoni, kafuata bakuli lake.

Mama mkwe akamdaka: "Mwenzangu, mkwe wangu fundi! Na wewe unaotesha choroko?"

Mama Sharifa akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

"Najaribu tu, mama. Nazisuuza asubuhi na jioni, maji yake nawapa kuku."

Jamani, wivu unauma! Maji ananunua kama mimi, choroko za duka lilelile, ila zake zinacheka. Na hakunichoma, kachukua bakuli kaaga kwa adabu. Bora angenichoma.

Mama mkwe kanigeukia: "Basi kesho nionyeshe ndoo yako."

Nyie mngejibuje? Mimi nimesema, "Sawa, mama."

Haya, nakiri. Alizokula ni za Mama Sharifa, alinipa asubuhi. Zangu nilizibania maji, nikaziloweka siku tatu kwenye maji yaleyale. Zimeoza zote.