Kipande cha Mpunga Kisichoguswa

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alifika Kasongo kwa pikipiki kutoka Salamabila. Hata chai hajamaliza, akasimama mbele ya picha iliyo ukutani kwangu: wanawake saba wameinama wanakata mpunga kwa visu, na katikati yao kipande chembamba kimesimama bila kuguswa.

"Shemeji, huyu fundi rangi ilimuishia. Angalia, hapa hakumaliza kazi."

"Labda," nikasema.

Nilimdanganya. Mume wangu aliinunua picha ile sokoni kwa sababu mchoraji aliijua kazi. Kwetu wanawake hukata mpunga kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na kila mmoja ana kipande chake katika mstari. Asipofika mmoja, kipande chake hakiguswi. Kinaachwa mpaka jioni, aje hata kwa kuchelewa.

Katika kundi letu mimi nilikuwa wa nane. Mume wangu alipofariki niliacha kwenda, na eda ilipoisha sikurudi. Mara mbili walimtuma jirani kunipigia hodi, mara mbili nikajibu kwamba kichwa kinaniuma. Uongo mtupu. Kilichoniuma ni kiburi: nilitaka waje wote wanibembeleze. Hawakuja. Nikawachukia bure, nikawa ninakula peke yangu na kuzungumza na sufuria.

Shemeji alipoondoka, nyumba ikanyamaza tena. Nilikaa mbele ya picha, nikajiuliza kama bado wananiachia kipande changu. Misimu miwili ilikuwa imepita. Upweke ulinizidi, nikaona haya kwa umri wangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Asubuhi nikanoa kisu, nikaenda.

Niliwakuta shambani kwa jirani yule yule. Walikuwa wanane. Mke kijana aliyeolewa kutoka Kabambare alikuwa anakata mahali pangu, tena anakata vizuri. Nilitamani kugeuka nirudi nyumbani.

"Yaya, umefika," jirani alisema bila kuinuka, akiniita dada mkubwa kama zamani. "Tulikungoja sana. Kisha tukachoka."

"Nianzie wapi?"

Akanyoosha kisu kuelekea mwisho wa mstari, upande wa kichaka, ambako huanzia wageni. Nikaenda huko, nikainama.