Wiki Kumi za Kumrudisha Tarumbeta Garini

Siku daktari wa mifupa alipomwambia, "Haya mama, hilo gongo sasa unaweza kuliacha," Mama Gari hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliliegemeza gongo nyuma ya mlango wa chumba cha daktari, akashuka ngazi huku ameshika ukuta, na kabla hajafika barabarani alishampigia simu dada yake mkubwa.

"Dada, nakuja kumchukua mwanangu."

"Mwanao yupi?" dada akauliza, ingawa alijua. Mama Gari alikuwa na watoto wawili, wote watu wazima wenye nyumba zao. Lakini akisema "mwanangu" kwa sauti ile, anamsema farasi.

Jina hilo la Mama Gari alipewa na maseremala. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akibeba samani zao, kabati, meza na vitanda, kuzipeleka kwenye mitaa ya juu, ile yenye vichochoro vya mawe ambako pikapu ikiingia inakwama kama kizibo. Gari la farasi lilikuwa la baba mkwe wake. Mzee huyo alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, na mtoto mwenyewe akiona farasi huvuka barabara ili kumkwepa. Akawa kinyozi. Hatamu zikaangukia mikononi mwa mke wa kinyozi, na zilimkaa utadhani alizaliwa nazo.

Na kinyozi huyo, au tuseme kiti chake, ndicho kilichomvunja mguu. Balbu ya dukani iliungua, mume alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, Mama Gari akasema subiri nitaibadilisha mimi. Akapanda kwenye kile kiti cha kunyolea. Alisahau kwamba kinazunguka. Kilimzungusha nusu duara, kikamtema sakafuni, na paja likavunjika mahali pawili. Farasi akapelekwa shambani kwa dada, kukaa mwezi mmoja au miwili. Ikawa miezi kumi na moja.

Sasa alisimama kwenye lango la shamba. Aliita mara moja. Kule mwisho wa majani kichwa kikainuka, masikio yakasimama, halafu ukaja ule mlio uliompatia farasi jina lake: mrefu, wa kupasuka, wa kuamsha wafu. Tarumbeta alikuja akitingishika. Mama Gari alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akamtazama vizuri.

"Dada, umemlisha nini?"

"Majani. Na maganda kidogo. Na shemeji yako humpa mkate asubuhi."

"Huyu si farasi, ni pipa lenye miguu!"

"Usinitukanie mgeni wangu," dada akasema. "Na wewe mwenyewe hujajiona kwa nyuma siku hizi."

Ilikuwa kweli. Mwendo wa kutoka langoni hadi pale ulikuwa umemtoa kijasho chembamba.

Asubuhi iliyofuata, alipokuwa akifagia zizi lililo nyuma ya nyumba yao, Mzee Randa alipita. Huyu ndiye mkubwa wa maseremala wote wa mtaa ule. Alimkagua farasi, akamkagua mwenye farasi, akakuna kidevu.

"Mama Gari, nina vitanda arobaini. Vya mbao ngumu. Vinakwenda bweni jipya la wauguzi kule juu kilimani. Wanavitaka baada ya wiki kumi. Niwatafute wapagazi, au nikungoje?"

"Ningoje," alisema, hata bila kufikiri.

Mzee akaondoka. Mama Gari alibaki ameshika fagio. Vitanda arobaini! Aliingia dukani kwa mumewe akimwaga habari hizo mbele ya wateja watatu, na mmoja aliyekuwa na povu usoni akapiga makofi.

Siku ileile alimwita daktari wa mifugo, binti mmoja mwembamba asiyependa maneno mengi. Binti alimfungua Tarumbeta mdomo, akapapasa meno, akabonyeza kila mguu kuanzia goti hadi kwatoni, akamsikiliza moyo kwa muda mrefu.

"Mzima," alisema. "Lakini hana nguvu hata chembe. Mama, nisikilize. Farasi akirudi kazini, pumzi ndiyo inayotangulia kurudi. Wiki ya tatu, ya nne, utamwona anataka kuruka, utasema amepona. Hajapona. Kano na mifupa ya miguu huja nyuma sana. Wengi huwavunja farasi zao hapo."

"Kwa hiyo nifanye nini, daktari?"

"Tembeeni. Wiki ya kwanza dakika ishirini kwa siku, mpaka mwisho wa ya pili zifike arobaini. Kwa mguu, wewe mbele na yeye nyuma, bila gari. Nafaka usimwongezee mpaka kazi iongezeke. Na mapigo ya moyo uhesabu." Alimshika mkono Mama Gari, akaweka vidole vyake chini ya taya la farasi, kwenye mshipa unaocheza. "Akiwa ametulia ni kama arobaini kwa dakika. Mkitoka kazini yatapanda. Baada ya dakika kumi za kupumzika lazima yawe yameshuka chini ya sitini. Yasiposhuka, umemzidishia."

Mama Gari alicheka. "Daktari wangu wa mifupa naye ameniambia nitembee dakika ishirini kila siku."

"Basi mmepata mwenzi," binti alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Fundi wa kwato alikuja kesho yake, akachonga kwato zilizokuwa zimetanuka kama sahani, akapiga viatu vipya vya chuma. Halafu wakaanza.

Siku ya kwanza walifika kwenye mtaa wa washona viatu na kurudi. Wote wawili walihema. Fundi viatu mmoja aliuliza nani anamfundisha nani. Siku ya tano walifika kwenye mnara wa maji. Kila jioni Mama Gari aliandika kwenye daftari: dakika, mapigo, hali ya miguu. Mumewe alilisoma daftari hilo huku akinywa chai, akasema, "Miaka thelathini ya ndoa, hujawahi kunihesabia mapigo hata siku moja." Usiku ule Mama Gari akamwekea mumewe vidole chini ya taya. Sabini na nane. "Umenenepa," akamwambia.

Wiki ya tatu alimfunga mikanda ya gari. Ule mkanda wa tumbo haukufika hata kwenye tundu la mwisho. Ilibidi afanye kiungo cha kamba. Mabega ya Tarumbeta yalikuwa yamelainika kama ya mtoto, kwa hiyo kila baada ya mazoezi aliyasugua kwa maji ya chumvi ili ngozi ikomae chini ya kola, ile pete nene ya shingoni anayovutia gari. Gari lilikuwa tupu, njia tambarare, mwendo wa kutembea tu. Lakini aliposikia magurudumu yake yakilia juu ya mawe baada ya mwaka mzima, Mama Gari alihisi nywele zinamsisimka. Alisimama wima kwenye gari kama malkia. Watu madirishani wakamwita. Alipungia kila mtu, hata wale wasiomwita.

Wiki ya nne kamba ikaondolewa. Mkanda ulifika tundu la mwisho, kisha la pili kutoka mwisho. Tarumbeta alianza kuamka kabla ya Mama Gari, akigonga mlango wa zizi kwa kwato. Shingo ilipata umbo, manyoya yakang'aa. Na njiani sasa alikuwa akivuta hatamu, akirusha kichwa, akiomba.

Siku ya Alhamisi Mama Gari alimpa alichoomba. Walikuwa kwenye barabara ndefu ya lami karibu na stesheni, asubuhi ilikuwa ya baridi, na yeye mwenyewe damu ilikuwa inamchemka. Alilegeza hatamu kidogo tu. Tarumbeta akaingia telki, ule mwendo wa haraka wa kwato mbili mbili, ko-ko, ko-ko, na Mama Gari akapiga kelele kama msichana. Upepo ulimvua kitambaa cha kichwa. Alisema ataacha kwenye ile nguzo. Nguzo ikapita. Akasema kwenye ile nyingine. Walikwenda hadi mwisho wa barabara, wakageuka, wakarudi vilevile.

Nyumbani povu jeupe lilikuwa limejaa kwenye mikanda. Alihesabu baada ya dakika kumi: themanini na nne. Akahesabu tena akidhani amekosea. Hakuwa amekosea.

Asubuhi yake hakusikia mlango ukigongwa. Tarumbeta alisimama kwenye kona, miguu ya mbele imevimba, na wa kushoto ulikuwa wa moto ukiugusa. Mama Gari aliketi juu ya ndoo akaangalia chini. Mumewe alimkuta hapo. Kwa mtu anayeogopa farasi, alifanya jambo kubwa: aliingia zizini, akasimama karibu naye.

"Nimemharibu," alisema Mama Gari. "Niliambiwa. Kwa masikio yangu haya niliambiwa."

"Mwite binti wa watu."

"Naona aibu."

"Basi ona aibu huku unapiga simu."

Binti alikuja, akapapasa mguu hadi chini. Mwishowe akasema kano haijachanika, imechokozwa tu. Maji baridi mara tatu kwa siku, siku sita zizini, halafu kurudi kwenye hatua ya wiki ya pili. Hakumgombeza. Alipokuwa akiondoka ndipo aliposema, "Alikuwa na furaha, siyo?"

"Alikuwa anaruka, daktari."

"Na wewe?"

"Mimi zaidi."

Hapo ndipo Mama Gari alipokwenda mwenyewe kwa Mzee Randa. Alimweleza yote bila kuficha, kwamba sasa hana uhakika wa ile tarehe, na kama mzee anataka kutafuta wapagazi hatamlaumu. Mzee aliendelea kupiga randa, vumbi la mbao likimwangukia viatuni.

"Vitanda vyenyewe havijakwisha," alisema. "Nina ishirini na tatu. Nami mgongo wangu unadai siku sita. Nenda kamtunze farasi."

Kuanzia hapo Mama Gari alifuata daftari, si moyo wake. Wiki ya sita walitembea. Ya saba walitembea kwa muda mrefu zaidi, saa nzima na robo, wakaanza kupanda miinuko midogo. Ya nane aliweka mawe garini, machache kwanza, akiongeza kila baada ya siku mbili. Alipanda kilima cha bweni na gari tupu, akapumzika mara nne njiani. Mara ya pili akapumzika mara mbili. Yeye mwenyewe alikuwa akipanda kwa mguu pembeni ya gurudumu ili kumpunguzia mzigo, na siku moja akagundua amefika juu akiwa anaongea, hajaishiwa pumzi hata mara moja. Alisimama pale juu, mikono kiunoni, akapiga kelele kwa mumewe kwenye simu: "Nimepanda! Nimepanda naongea!" Kinyozi akauliza anaongea na nani. "Na farasi, na nani mwingine?"

Siku ya vitanda ilipofika, wiki ya kumi imekwisha na siku tatu juu yake, alikuwa macho tangu alfajiri. Mtaa wa maseremala ulijaa harufu ya vanishi. Walipakia vitanda vitano. Kijana mmoja wa pale karakana akasema ongeza viwili, farasi anaonekana ana hamu.

"Hamu yake naijua," alisema Mama Gari. "Vitano."

Walipofika chini ya kilima, mumewe alikuwa pale. Alikuwa amefunga duka, na wateja wake wawili walikuwa naye, mmoja amenyolewa upande mmoja tu. Wauguzi walichungulia madirishani kule juu. Mama Gari aliteremka, akashika lijamu, akamnong'oneza Tarumbeta neno asilowahi kumwambia mtu ni neno gani. Farasi akainamisha shingo, mabega yakajaa, mikanda ikalia, gari likaondoka.

Hatua kwa hatua. Kwenye ile kona mbaya magurudumu yaliteleza kidogo, na watu wote wakabana pumzi; Tarumbeta akatia kwato kwenye ufa wa mawe, akakaza, akapita. Mama Gari hakumpigia kelele. Alikuwa akihesabu hatua kwa midomo, machozi yakimtoka wazi. Walipotokea kwenye uwanja wa bweni, farasi aliinua kichwa akapiga tarumbeta lake kwa nguvu hata muuguzi mmoja akadondosha shuka alilokuwa anaanika.

Baada ya dakika kumi mapigo yalikuwa hamsini na sita. Mama Gari alimwonyesha mumewe saa, akamwonyesha Mzee Randa, akamwonyesha na msimamizi wa bweni, mama mmoja wa heshima ambaye hakuelewa chochote lakini alimpa hongera.

Vitanda vilichukua siku nne, safari mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, miguu ikilowekwa maji baridi kila jioni. Hakuna kilichovimba. Cha mwisho kilipowekwa mahali pake, yule msimamizi alimwambia Mama Gari ajinyooshe kidogo, maana amechoka. Akavua viatu, akalala chali juu ya mbao tupu, godoro bado halijaja, akaangalia dari jipya jeupe. Nje dirishani wauguzi walikuwa wakimgombania Tarumbeta, nani atampa karoti.

"Moja tu kila mtu!" akapaza sauti bila kuinuka. "Na mkate hapana!"