Simu za Wakati wa Matangazo

Nimehama sana. Nimekaa Pumwani, nikakaa Mukuru kwa Njenga, sasa niko mtaa wa Baba Dogo, na kila nilikohamia baba yangu alinifuata kwa taarifa ya habari ya saa moja jioni. Ni fundi mstaafu wa reli, mtu asiyejua kumuuliza mwanawe hali. Matangazo ya biashara yakianza tu, simu yangu inalia.

"Umemwona huyo waziri?"

Tunamsema waziri dakika mbili tatu, habari zinarudi, anakata bila kwaheri. Kwa miaka mingi hatukuwa na mazungumzo mengine.

Mwaka jana nikavuta intaneti, nikaanza kulipia filamu za kujichagulia. Antena ya televisheni nikampa jirani, habari nikaacha kuzitazama. Jioni moja, nikiwa katikati ya filamu, simu ikalia.

"Umemwona huyo mbunge anavyolia?"

"Nimemwona, Baba. Mwanamume mzima, hana haya!"

Nikasikia akipunguza sauti ya televisheni.

"Ni mwanamke," akasema. "Endelea na shughuli zako."

Kesho yake hakupiga. Wiki ikapita, na ya pili. Nikimpigia mimi, ananijibu kwamba yuko salama, tutaongea. Nilikuwa nakaa mbele ya ile orodha ndefu ya filamu nikipekua tu, nikijua hakuna hata moja ambayo naye anaitazama saa hiyo. Nilikuwa nampoteza mzee wangu, na sikujua njia nyingine ya kumfikia.

Nikamwita fundi aniwekee antena nyingine. Alipanda paani huku akicheka.

"Buda, watu wanang'oa hizi vitu, wewe ndio unaweka?"

"Weka tu, kijana."

Jioni hiyo nikangoja matangazo, nikapiga.

"Baba, huyo gavana ameazima koti la nani? Mikono imemeza vidole."

"La kaka yake mkubwa," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

"Siku ile nilikudanganya, Baba."

"Najua. Haya, tazama habari."

Tangu hapo hajaacha kupiga. Mwezi uliopita mvua ilizidi, wakaonyesha Mukuru: maji kiunoni, watu wamejitwika magodoro. Safari hii hakungoja matangazo.

"Si hapo ndipo ulikuwa unaishi?"

"Hapo hapo. Nyuma ya huo ukuta wa kiwanda."

Nilisikia mtangazaji yule yule akiongea kwake na kwangu kwa pamoja.

"Miaka ile," akasema, "mvua ikinyesha nilikuwa silali."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungehamia mbali zaidi."

Ni kweli, ningehama. Nilishukuru tu kwamba picha hiyo ilitufikia sote wawili kwa wakati mmoja. Nikamuuliza kama paa lake linavuja. Akasema linavuja, upande wa jikoni. Nikamwambia Jumamosi nitakuja na mabati.